Kompaila ya Tatu

Kaka yangu ofisini walimwita Bwana Mara Tatu. Wenzake waliridhika programu ikijengeka mara moja. Yeye aliijenga kwa kompaila tatu. Kompaila, alinieleza nilipomuuliza, ndiyo inayogeuza maandishi ya programu yawe kitu ambacho mashine inaweza kukifuata. Programu yao ililinda majokofu ya chanjo. Kompaila mbili zilikuwa za mashine mpya. Ya tatu ilikuwa ya mashine kuukuu za zahanati ndogo, na walioitengeneza walishafunga duka zamani.

Mkuu wake alitaka ya tatu iachwe. Kaka alikataa, akasema jokofu la maskini nalo lina chanjo ya mtoto wa mtu.

Figo zilipomwangusha alihamia kwa mama, kompyuta yake ikakaa juu ya meza ya cherehani. Alibaki na jambo moja tu: kuandika faili la mipangilio, mstari mmoja kwa kila kompaila, ambalo yeyote ofisini angeliendesha kuijenga programu bila yeye. Kuna asubuhi alitapika, akanawa, akarudi kitini. Siku mbili kabla hatujampeleka hospitali, kompaila zote tatu zilipita, programu ikajengeka.

"Sasa nikifa hawatanipigia simu," aliniambia akicheka.

Nikamwambia amche Mungu.

Hakurudi. Baada ya maziko nilisema kompyuta iwe sadaka kwa ajili ya roho yake. Fundi akafuta yote yaliyokuwamo, nikaikabidhi kituo cha yatima. Nilijiona nimetenda jema.

Wiki ya tatu akaja mwenzake wa ofisini. Chai yake ilipoa bila kuguswa. Alisema kompaila mbili zinapita, ya tatu inakwama kwenye kila mashine. Katika mstari wa kompaila hiyo, kaka alikuwa ameelekeza kwenye folda ya kompyuta yake mwenyewe. Kompaila ile kuukuu ilikuwa humo, na humo tu. Kosa hilohilo ndilo alilowagombezea wenzake miaka yote. Mgeni akaniuliza kompyuta ya kaka iko wapi.

Nilimweleza.

"Hukujua, dada," alisema. "Na yeye alikuwa mgonjwa."

Akafungua kompyuta aliyokuja nayo pale pale kwenye meza ya cherehani, akaufuta ule mstari wa kompaila ya tatu mbele yangu.

Zahanati ya mtaani kwetu ina jokofu la zamani. Bado linakwenda kwa programu ya mwisho aliyoijenga kaka. Ikiharibika, hakuna wa kuijenga upya bila kompaila ile. Nikipita huchungulia dirishani kuona kama taa yake ndogo inawaka. Kisha namwombea kaka, halafu najiombea mimi.