Wembe Anataka Kutaniwa

Mara ya kwanza Wembe kushinda mashindano ya utani chuoni kwetu, alishinda kabla hajafungua mdomo, na hasira aliyotoka nayo ukumbini siku ile ingetosha kuivisha maharage ya chuo kizima.

Mashindano yenyewe ni haya. Kila mwisho wa muhula, Jumamosi mchana, vyombo vikiwa bado mezani, mabweni mawili yanatoa mtu mmoja mmoja. Wawili hao wanapanda juu ya meza za chakula, wanatazamana, wanataniana kwa zamu. Majaji ni sisi tuliokaa. Tunagonga sahani kwa vijiko, na anayegongewa kwa kelele zaidi ndiye bingwa. Mwalimu wa nidhamu anajifanya hajui kinachoendelea, maana naye alisoma hapa hapa na inasemekana aliwahi kushushwa mezani akilia.

Siku ile bweni la wasichana lilimtoa Wembe. Akaingia akisukuma magurudumu ya kiti chake mwenyewe, akafunga breki chini ya meza ya mpinzani. Mpinzani alikuwa Kipaza, bingwa wetu, jitu refu la uhandisi wa barabara, lenye sauti inayosikika mpaka getini. Wembe alikuwa ameshavuta pumzi aanze, Waziri akanyanyuka.

Waziri ni Waziri wa Ustawi wa serikali ya wanafunzi. Ni kijana mwenye tai na uso wa mtu aliyezaliwa akihutubia.

"Ndugu wanafunzi," alisema, "kabla hatujaanza, naomba tumpongeze dada yetu kwa ujasiri wa kufika hapa."

Kufika wapi? Alikuwa amekula chakula cha mchana humo humo, tena akaongeza mboga. Lakini vijiko vikaanza kulia. Watu wakasimama. Msichana mmoja wa mbele akatoa leso. Kipaza akashuka mezani, akamshika Wembe mkono kwa mikono yake miwili kama mtu anayetoa pole msibani.

"Dada, mimi siwezi," alisema. "Wewe ni shujaa. Umeshinda."

"Nimeshinda nini? Sijasema kitu!"

Hakuna aliyemsikia. Ukumbi mzima ulikuwa unajipongeza kwa wema wake.

Ili uelewe kwa nini jambo hili lilimuuma kuliko tusi, inabidi ujue alikokulia. Baba yake ni kinyozi. Kibanda chake ni chumba kimoja chenye kioo kilichopasuka pembeni, benchi la wanaosubiri, na redio isiyozimwa. Miguu ya Wembe ilikataa kazi baada ya homa ya utotoni, na kwa kuwa mama yake alishinda sokoni, mtoto alishinda kwa kinyozi. Pale watu hawaendi kunyolewa tu. Wanaenda kusemana. Siku moja, akiwa bado binti mdogo wa shule ya msingi, aliingia mteja mwenye kichwa kikubwa chenye mabonde. Wembe akamwangalia kwa makini, kisha akamwambia baba yake, "Baba, huyu usimkate nywele. Kata kichwa, nywele zibaki."

Benchi lote lilianguka kwa kicheko. Mteja mwenyewe ndiye aliyempa jina la Wembe. Tangu siku hiyo hawakumwacha salama. "Wembe, kimbia uniletee maji. Ah, nilisahau, wewe breki zimeganda." Naye hujibu hapo hapo, "Breki zinafunguka, mjomba. Akili yako je?" Walimtania miguu, walimtania meno, walimtania alama zake za hisabati. Alirudi nyumbani jioni na nywele za watu mabegani, ameshiba.

Kisha akaja chuoni, mahali penye watu walioelimika, na wote wakawa wapole.

Upole wa chuo chetu unahitaji kuelezwa, maana ni ugonjwa na haujapatiwa chanjo. Kila sherehe Wembe aliwekwa meza kuu, karibu na makamu mkuu wa chuo, na chupa ya maji mbele yake. Waziri alimtambulisha kwenye kipaza sauti: mwenzetu mwenye mahitaji maalumu. Makofi. Halafu, kabla muziki haujaanza, gari la chuo lilimrudisha bwenini "kwa usalama wake". Bweni liko ng'ambo ya uwanja. Alikaa dirishani akisikiliza nyimbo zote anazozipenda zikipigwa kwa ajili ya watu wengine. Hakuna aliyemtongoza, hakuna aliyemsengenya, hakuna aliyewahi kumwambia gauni lake baya. Na alikuwa na gauni moja baya sana, la njano. Sisi tulilitazama tukasema, "Umependeza, dada." Hivi mtu anaishije namna hiyo?

Ule ushindi wa bure ndio uliomfikisha mwisho. Kipaza alikuwa amebakiza muhula mmoja amalize chuo. Akiondoka bila kupambana naye, Wembe angebaki bingwa wa kuhurumiwa mpaka siku ya kuvaa joho. Basi muhula mpya ulipofunguliwa akamtafuta, akamkuta nyuma ya bweni letu akianika soksi.

"Wewe mlingoti. Njoo hapa."

"Shikamoo, dada."

"Shikamoo ya nini? Si umenizidi umri?"

"Ni heshima tu."

"Heshima yako ndiyo iliyonileta. Kwa nini ulinikimbia?"

"Sikukukimbia. Sasa ningesema nini? Nikikutania watu watanionaje?"

"Watamwona mtu anayetania. Si ndicho ulichopandia mezani? Yule wa bweni la juu ulimwambia masikio yake yanashika redio za nchi jirani. Hakulia?"

"Alilia."

"Ukamwonea huruma?"

"Hapana. Yanashika kweli."

"Na mimi? Unajua nini kuhusu mimi?"

Kipaza akajikuna shingo kwa soksi. "Najua unatumia kiti cha magurudumu."

"Kingine."

"Wewe ni shujaa."

"Ukilirudia hilo neno napita juu ya vidole vyako. Unaona? Huna la kunitania kwa sababu hunijui. Kuanzia kesho unakula meza yetu. Mpaka uwe na la kusema."

Kipaza akaenda. Mwanzoni alikaa kama mtu aliyeitwa kwa wakwe, anakata nyama vipande vidogo, anasema asante hata kwa chumvi. Lakini huwezi kula na watu kila siku ukabaki mgeni. Mwenzake Wembe wa chumbani, msichana mnene wa ualimu asiyeweza kutunza siri, alianza kumwaga habari. Kipaza akaona kwa macho yake pia. Aliona Wembe anavyoficha karata chini ya mto wa kiti. Aliona anavyopita mbele ya foleni ya chakula akilegeza shingo, "Jamani nipisheni, hali yangu mnaiona," kisha anarudi na paja la kuku kubwa kuliko yote. Na siku Wembe alipomkanyaga mguu kwa gurudumu bila kuomba radhi, Kipaza alisahau adabu zake zote.

"We, huna macho?"

Wembe alitabasamu kwa siku mbili.

Jumamosi ya mwisho wa muhula ilipofika, mabweni yakiwa yamewatoa wao wawili tena, tulimkuta Waziri keshaandaa jambo. Katikati ya ukumbi kulikuwa na jukwaa la mbao, limefunikwa kitambaa cheupe, na maua ya plastiki kila pembe.

"Tumekutengenezea, dada, ili uwe sawa na wenzako," alisema.

"Nani anaolewa?" Wembe aliuliza, akalipita. Akafunga breki chini ya meza ya Kipaza kama mara ya kwanza. Kipaza akataka kushuka.

"Ukishuka naondoka. Simama huko huko."

Akaanza yeye. "Jamani, mimi huyu namwona vizuri kuliko ninyi. Kutoka huku chini naona mpaka ndani ya pua. Mna wapangaji mle, tena wameanika nguo. Na soksi zake akizianika nyuma ya bweni, nzi wanahama na watoto wao."

Vijiko vililia, ila kwa ule mlio wa ibada, taratibu, wote pamoja. Wembe akakunja uso. Alikuwa anaujua mlio huo. Zamu ikawa ya Kipaza, na kila mtu akajiandaa kusikia neno shujaa.

"Mnamwona huyu malaika?" Kipaza alisema. "Mimi nimekula naye. Foleni ikiwa ndefu, anaumwa. Shingo imelegea, macho yamefumba, anapumua kwa mkopo. Lakini subirini nyama ibaki moja! Kile kiti kinapaa! Nimekiona kinakata kona kwa gurudumu moja. Madaktari wamehangaika na huyu mtu miaka yote, kumbe dawa ni paja la kuku!"

Mtu aliangusha kijiko, kikasikika kikizunguka sakafuni. Waziri alikuwa wima, tai imepinda.

"Hii haikubaliki! Kwa niaba ya serikali ya wanafunzi naomba radhi kwa dada yetu na..."

Kikamkatiza kicheko. Kilikuwa cha Wembe. Amerusha kichwa nyuma, anapiga mkono wa kiti, machozi yanamtoka.

"Waziri, kaa chini! Hajamaliza! Endelea, mlingoti!"

"Usiku anakoroma," Kipaza akaunguruma, "mpaka mlinzi anafungua geti akidhani lori la maji limefika!"

Mwenzake wa chumbani ndiye aliyegonga wa kwanza, kwa nguvu ya mtu ambaye hajalala mwaka mzima. Halafu ukumbi ukalipuka. Sahani ya mtu ilipasuka vipande viwili akaendelea kugonga kipande.

Wembe alisubiri kelele ishuke. Kumbe naye siku zote zile mezani hakuwa anakula tu.

"Nyama nakula, sikatai. Lakini huyu mwenye sauti ya kufika getini, mwulizeni yule binti wa maktaba. Alienda kumtongoza, sauti ikashindwa kuvuka meza. Akaazima kitabu. Kesho yake, kitabu. Wiki ya pili, kitabu. Mtu anasomea barabara, chumbani kwake kuna vitabu vinne vya ufugaji wa nyuki!"

Sisi wa bweni lake tuliokuwa tukijiuliza habari ya nyuki wale tulianguka. Kipaza alijifunika uso huko juu ya meza, akayumba kama anataka kudondoka. Wakarushiana zamu nyingine, na nyingine. Hakuna aliyekumbuka kusimama, wala kufuta machozi ya aina nyingine.

Mwishoni tukagonga kwa Wembe, tukagonga kwa Kipaza. Kelele ya Kipaza ilizidi. Si sana, lakini ilizidi.

"Mmeniibia!" Wembe alipiga kelele. "Bweni lao lina watu wengi! Rudieni!"

"Umeshindwa, dada, tulia!"

"Nitulie nini? Rudieni, wezi nyie!"

Kwa desturi yetu anayeshindwa huosha vyombo vyote vya bweni lililoshinda. Waziri akapata nafasi yake tena, akapanda kwenye lile jukwaa lake la harusi. "Kwa kuzingatia hali ya mwenzetu," alianza, "adhabu hii tunaomba asa..."

"Aoshe!" mtu alisema kutoka nyuma.

"Aoshe!" meza nzima ikaitikia, kisha ukumbi, kwa vijiko, bila huruma hata chembe. "Aoshe! Aoshe!"

Wembe aligeuza kiti, akatutazama wote, mdomo wazi, kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye mji wa ugenini. Kisha akakunja mikono ya gauni. Lilikuwa lile la njano.

Karo la kuoshea vyombo lilikuwa juu mno kwake, kwa hiyo tukashusha beseni juu ya matofali. Akaosha mpaka vidole vikajikunja, akilalamika kila sahani, akitaja kwa majina ya utani kila aliyemwibia ushindi. Kipaza akaja na rundo la mwisho. Wembe akainua sahani ya juu, akaitazama kwenye mwanga.

"Hii ilikuwa safi. Umeipaka mchuzi makusudi."

"Nimeipaka."

"Na hizi?"

"Zote."

Akamrushia maji ya povu usoni. "Weka hapo, mjinga wewe. Na gauni langu unaliona?"

"Baya sana," Kipaza alisema, akijifuta.

"Najua," Wembe akasema, akachukua sahani nyingine.