Bosi Aliyetandikiwa Kitanda Kuze

Enzi zetu pale mtaani Kuze, pwani, mbwa alikuwa kitu cha kuonwa kwa mbali. Tukikutana naye upande wa Shimanzi, akizurura kwenye maghala, tulitimua mbio mpaka ndara zikabaki njiani. Tukifika nyumbani twahojiwa: amekugusa? Amekulamba? Alikuwa mkavu au amelowa? Nami nilihojiwa vivyo hivyo, ingawa nilikuwa Mkristo, binti wa karani wa ghala kutoka Taita. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili juu kwa akina Maimuna, rika langu, na mamake Maimuna, Bi Zuhura, hakujua huyu wangu na huyu wa mwenzangu. Alitusuka sote wawili, akatupaka mafuta ya nazi, akatupa mahamri na mbaazi kwenye sahani moja. Tukikosa alitufinya paja lile lile, kila mtu la kwake. Tulicheza mdako kizingitini pake, ndimi zetu nyekundu kwa mabuyu, na alipokuwa akipita alituambia tu, "Nipisheni, wanangu."

Bi Zuhura alifariki mwaka jana, nami sikwenda kumzika. Niko Nairobi, nina kazi, nikasema nitakwenda arubaini. Arubaini ikafika, nikasema nitakwenda likizo. Maimuna hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Mtu aliyekula nawe sahani moja akiacha kukulaumu, ujue amekutoa hesabuni. Basi mwezi uliopita nikaamua liwalo na liwe, nitakwenda kutoa pole, akinifukuza anifukuze.

Binti yangu Neema akajitolea kuendesha gari, lakini kwa sharti: tumchukue na Bosi. Bosi ni mbwa wake. Vijana wa siku hizi, jamani! Sisi tulioga kwa sabuni ya kufulia. Bosi ana shampuu yake, ana taulo lake, na maji ya kunywa ni ya chupa. Nikampigia Maimuna kumwambia tunakuja watatu, mimi, Neema na Bosi. Akaniuliza Bosi hula nini. Nikamwambia nyama, hachagui, ila asiwekewe pilipili. Akauliza hulala wapi. Nikasema, "Hulala na Neema." Kisha akasema kwa upole, "Basi hapa kwetu atalala chumba chake."

Nilikata simu nimeduwaa. Kuze ya leo inampa mbwa chumba! Nikajiambia dunia imekwenda mbio kweli, na mimi nimebaki nyuma. Sikutaka kuuliza zaidi nisije nikaonekana mshamba.

Safari yenyewe usiniulize. Tulitoka Nairobi alfajiri ya Jumamosi, malori yamepangana tangu Mlolongo. Mtito Andei Bosi akatapika juu ya leso niliyomnunulia Maimuna. Voi akachomoka garini kumfukuza mbuzi, nasi tukamfukuza yeye, mimi na miaka yangu hii, viatu mkononi. Mariakani tulisimama saa nzima jua likituchoma. Tulipovuka Makupa ilikuwa alasiri, na gari zima lanuka mbwa.

Kuze gari haliingii, tukashuka tukatembea. Vichochoro ni vile vile ila watu ndio walibadilika walipotuona. Wanaume waliotoka msikitini walikusanya kanzu zao na kuegemea ukuta. Watoto wakakimbia. Muuza viazi vya karai, ambaye hata simjui, aliniuliza kwa adabu zote, "Mama, mmepotea?" Hapo nikaharakisha hatua.

Maimuna alikuwa mlangoni, amevaa buibui jipya, amejifukiza udi, mkono ameshautanguliza kumpokea mgeni. Akatazama nyuma yangu, akatazama nyuma ya Neema. "Bosi yuko wapi?" akauliza.

Neema, mtoto wa watu, akamwonyesha kwa furaha. Na Bosi, ambaye hajawahi kuchukia mtu, akasogea akaulamba ule mkono uliotangulizwa, kiganja na vidole vyote.

Nikaganda. Wallahi niliganda, na mimi si Mwislamu. Yaani Kiswahili chetu hiki! Mtu hula, mbwa hula. Mtu hulala, mbwa hulala. Maneno ni yale yale. Maimuna alikuwa anamngoja mkubwa wa kazini kwa Neema, tena anayelala naye bila ndoa, na alikuwa amenyamaza ili asiniaibishe.

"Nimemtandikia kitanda cha mama," akasema polepole. "Sijakitandika tangu alipofariki."

Nilitamani kichochoro kinimeze. Mwaka mzima sikuleta pole, na siku ya kuileta nimeleta mbwa. Neema alikuwa ameshaanza kulia. Nikamwambia ampeleke Bosi Kizingo, kwenye nyumba ya wageni inayopokea wanyama, na alale huko huko naye. Akaondoka na mbwa wake na taulo lake.

Tukabaki wawili. Maimuna akaniagiza mchanga kutoka kopo lililopandwa asumini na ndoo ya maji, kwa kuwa mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa mchanga. Akaninyooshea mkono juu ya karo jikoni. Nikausugua ule mkono kwa mchanga, nikamimina maji. Moja. Nikamimina tena. Mbili. Tatu. Maneno ya pole niliyoyapanga tangu Nairobi yote yamenipotea. Nikasema tu, "Nisamehe, Maimuna. Alikuwa mama yangu pia."

Hakunitazama. Alikuwa anautazama mkono wake.

"Siku ile tulipomtoa mama," akasema, "ungekuja hata na mbwa kumi, Wakesho, ningekufungulia mlango." Kisha akasogeza mkono karibu. "Mimina. Ni ya nne hiyo."

Nilimimina mpaka saba, nikakaa kwenye sakafu ya jikoni nikalia kama mtoto. Naye akakaa pembeni, mkono wake umelowa begani kwangu.

Enzi zetu, mtu akifa Kuze, hakuna aliyepigiwa simu. Kilio kilisikika, na mamangu, Mtaita wa kanisani, aliacha chungu motoni akashuka ngazi kanga begani. Mimi habari ya Bi Zuhura ilinifikia mkononi, kwenye simu, hata hajaoshwa. Nilijibu papo hapo, kwa vijisura vitatu vinavyolia, nikarudi kazini. Mamangu hakuwa na simu, na sikumbuki maziko aliyoyakosa.