Tanuru la Mwisho la Bichuguu

Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya kichuguu, udongo wake hutoa harufu ambayo mi siwezi kuieleza vizuri: kama chungu kipya, kama unga uliokaangwa kidogo, kama kitu unachotaka kulamba. Mama wajawazito wa Kolwezi, mji wetu wa migodi huku Katanga, wananielewa, maana wao hulamba kweli. Juzi waashi walikata kichuguu nyuma ya shule yetu, mvua ikawakuta. Wenzangu walikimbilia darasani, mi nikabaki pale nikinusa kama mjinga. Darasani siongei sana. Kwenye karatasi ndipo ulimi wangu unafunguka, basi vumilieni.

Nilizaliwa Bichuguu, ndiyo "vichuguu" kwa Kiswahili chetu, upande wa Mutoshi, kijiji ambacho leo hakina mtu. Wazee wetu waliletwa na treni kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Nguvu zilipowaishia, wakatolewa katika nyumba za kampuni, wakaenda kumwomba chifu mahali pa kukaa. Akawapa uwanja uliojaa vichuguu vikubwa, vingine virefu kuliko nyumba, mahali jembe lisipopita. Watu walicheka: "Bamepewa shamba ya muchwa!" Wazee nao wakacheka, kisha wakaanza kufyatua matofali, kwa sababu hakuna udongo unaoshinda ule. Kila ukoo ulichukua kichuguu chake, ukakikata upande mmoja ukajenga, na upande uliobaki ukaachwa umesimama kando ya nyumba kama mnara. Chini yake tulichimba jiko la kuokea mikate. Juu yake sisi batoto tulipanda kuangalia treni. Mgeni hakuulizwa anafikia nyumba gani. Aliulizwa, "Unaenda ku kichuguu ya nani?"

Nkambo, baba ya mama yangu, ndiye aliyechoma matofali ya kijiji kizima. Alikuwa na sheria moja: tanuru likiwashwa haliachwi. Moto ukikatika kabla ya wakati, matofali ya katikati hubaki mabichi, na siku moja mvua itayarudisha kuwa tope, nyumba pamoja nayo. "Tanuru ni kama mama mwenye anazaa," alikuwa akisema. "Huwezi kumuambia angoje kesho."

Mwaka ule tulioondolewa kijijini, kazi ya mgodi ilikuwa imeanguka, na kwenye mikutano ya siasa ilisemwa kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Mi nilikuwa mtoto mdogo. Kwetu nilikojua ni kwenye kichuguu. Ng'ambo ya barabara alikaa Mama Ngoy, mjane wa Katanga ya kaskazini, mwenyeji wa mkoa huu, ambaye hakuna aliyemfukuza. Lakini nyumba yake ya udongo ilikuwa imeanguka, akawa analala na batoto wake chini ya turubai. Nkambo alimwahidi matofali. Tanuru likawashwa, na siku ileile ikaja amri: kesho jioni asionekane Mukasai hata mmoja Bichuguu.

Mama akaanza kufunga mizigo. Nkambo akachukua shoka akaenda kukata kuni.

"Tata," mama akamfuata, "batu bote banaenda ku gare, na weye uko unachoma matofali?"

"Baende. Moto haijaisha kula."

Kesho yake mchana vijana wenye marungu wakaona moshi wetu kwa mbali, wakaja mbio. Walidhani tunachoma nyumba zetu ili wasizipate. Mbele yao alikuwa Kapend, kijana aliyekula mikate ya jiko letu tangu utoto, rungu mkono mmoja, ndoo ya maji mkono mwingine.

"Zima, muzee! Zima ile moto!"

"Ukimwanga maji pale, Mama Ngoy atalala inje na mvua," nkambo akajibu bila kugeuka. "Ile matofali si yangu."

"Ni ya nani?"

"Ni yangu, weye Kapend!" Mama Ngoy alikuwa amevuka barabara, kitenge kimefungwa kiunoni. "Mwanga, nione! Utanijengea na ile ndoo yako!"

Wenzake wakaangua kicheko. Kapend akaitazama ndoo kama mtu asiyejua ilifikaje mkononi mwake.

"Lakini unaenda leo, muzee?"

"Naenda leo. Lete zile kuni."

Akazileta. Msidhani moyo wake ulibadilika. Jioni alikuwa yeye huyohuyo aliyetusukuma barabarani. Lakini kabla ya hapo nkambo alikuwa ameushibisha moto wake na kuziba midomo yote ya tanuru kwa tope.

Gare, yaani stesheni, tulilala chini, juu ya mafurushi, majuma mengi, tukingoja treni ya Kasai. Nkambo hakulalamikia njaa. Lililomla ni jambo moja: tanuru hufunguliwa likipoa, naye hakulifungua. "Kama katikati ni mabichi," alisema, "batasema Mukasai alidanganya mujane."

Asubuhi moja Mama Ngoy akatokea kwa miguu, beseni kichwani. Ndani mlikuwa na unga wa muhogo, na juu ya unga tofali moja.

"Nimetoa katikati kabisa," akasema.

Nkambo akaligonga kwa kijiko. Likalia, sauti nyembamba na safi, hata watu wakageuka. Mzee mmoja akaomba kijiko naye agonge, kisha mwingine, wazee waliojenga maisha yao yote na sasa hawana hata mlango. "Hii imeiva," wakasema, wengine kwa wivu. Nkambo akacheka mpaka akakohoa.

Alifia Kasai. Mambo yalipotulia, mi na mama tukarudi Kolwezi. Nyumba ya Mama Ngoy ipo, wajukuu wake wanacheza mlangoni. Ng'ambo, Bichuguu, vimebaki vichuguu na kuta.

Kwa muda mrefu nilimwona nkambo mkaidi. Kwa ajili ya tanuru lile tulichelewa kuondoka, mama akaacha sufuria zake zote. Sasa nimekua, naona walichotaka wale waliotufukuza. Nyumba pekee hazikuwatosha. Walitaka tuondoke tukiwa watu wabaya, ili wao walale vizuri. Walipata milango, mabati, hata miti ya paa. Hilo moja nkambo aliwanyima.