Suruali ya Rosebella na Kamongo wa Ggaba

Fimbo ile ya kuvulia samaki nilimwuzia Rosebella mimi, na suruali pia nilimwuzia mimi. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa mtazamaji tu.

Mwaka wa sabini na mbili, Wahindi walipopewa siku tisini waondoke, sisi wa soko la Owino, Kampala, tulinunua vitu vya majumbani kwa mafungu, bila kufungua. Unalibeba fungu lako mpaka kibandani, ndipo unajua umenunua nini. Katika moja la kwangu mlikuwa na mapazia, pasi mbovu, na mfuko mrefu wa turubai. Ndani ya mfuko, fimbo nyembamba ya vipande vitatu vya kuunganisha, na kigurudumu cha chuma kilichoviringishwa uzi mwembamba kama unywele. Nilikaa nayo miaka miwili. Watu waliishika, wakaitikisa, wakaniuliza ni antena ya redio gani. Kwetu Bukavu samaki huvuliwa kwa nyavu, na watu wenye haja naye. Fimbo ya namna ile sikuwahi kuiona.

Ndipo akaja Rosebella Adero. Mkenya, mwenyeji wa upande wa Kisumu, mrefu, wa miaka thelathini hivi, amepanga chumba Ntinda. Kazi yake ilikuwa swichibodi katika ofisi moja kubwa mjini: simu inaingia, anauliza unamtaka nani, anachomeka waya, basi. Alikuwa na sauti ya watu wa kazi hiyo, ya kukuambia usubiri kidogo hata pale ambapo hujauliza kitu. Aliiona fimbo, akaishika, akazungusha kigurudumu taratibu huku ameinamisha sikio. Uso ule naujua. Ni uso wa mteja ambaye ameshanunua, bado kulipa tu. Nikapandisha bei. Akalipa bila neno.

Hapo ndipo nilipokosa raha. Mteja akikubali bei mbaya, maana yake ameona kitu ambacho wewe mwenye mali hukukiona. Nikamwuliza anakwenda kuvua samaki wa kuuza? La. Wa kula? Wakipatikana. Sasa kwa nini? Akacheka, akaniambia Jumapili niende naye Ggaba, kwenye ufuko wa ziwa, nikaone mwenyewe.

Nilikwenda. Sikuona kitu. Niliona mtu mzima amekaa juu ya jiwe saa nne nzima akiutazama uzi. Wavuvi wa pale, wenye mitumbwi yao, waliacha kushona nyavu wakaja kumshangaa mwanamke aliyekuja kutoka mjini kumsubiri samaki mmoja mmoja. Siku hiyo alivua kandambili. Safari ya pili alipata ngege wa kiasi cha kiganja, akamlaza kando yake, akaja kalooli, yale makorongo makubwa yenye kipara yanayokula taka za Kampala, akammeza pamoja na ndoana. Rosebella hakutaka kuukata uzi na ndege hakutaka kutema, basi wakaongozana ufukweni kama mtu na mbuzi wake anayempeleka mnadani, mpaka kalooli alipoona hasara imezidi akatapika. Wavuvi walicheka hadi mmoja akakaa chini. Rosebella alimtazama ndege yule kidogo, akasema, ‘Kumbe ndoana haikumshika, alikuwa ameishikilia mwenyewe.’ Hilo tu ndilo alilolileta nyumbani siku hiyo, na alikuwa ameridhika.

Nikaendelea kwenda. Kila Jumapili nilijiambia, leo nitajua anapata nini.

Suruali ilikuja hivi. Mawe ya Ggaba yana utelezi, matete yanakata miguu, na majini kuna ruba. Rosebella akaja kibandani kunitafuta suruali ya kaki ya mwanamume, nikampa. Lakini wakati huo serikali ilikuwa imepiga marufuku suruali kwa wanawake, kama ilivyopiga marufuku sketi fupi na mawigi. Mwanamke akikamatwa nayo barabarani aliweza kupelekwa mahakamani au kufungwa, na huo ndio uliokuwa mwisho mwema. Njiani kulikuwa na mengine. Kwa Rosebella, mgeni mwenye kibali cha kazi cha kuombwa upya kila mwaka, kesi ya aina yoyote ilimaanisha kupakiwa kwenye basi la mpakani. Kwa hiyo alikuwa akifika Ggaba na gauni, anabadili nyuma ya kibanda cha chai cha mama mmoja, Maimunah, analikunja gauni ndani ya kikapu, na jioni anabadili tena. Mtu haonekani na suruali zaidi ya hatua mia kutoka majini. Mpango mzuri. Mimi mwenyewe nilimsifu.

Jumapili yenyewe ilikuwa ya mwaka uliofuata. Saa tisa alasiri tukaitwa chai. Rosebella hakutaka kuitoa ndoana majini, akaufunga uzi kwenye mkono wa kikapu, akakiweka kikapu kati ya mawe mawili. Ndani mlikuwa na gauni lake, na kitenge changu cha kujitandia, maana jua lilikuwa kali nikakivua. Hatukumaliza hata kikombe. Tulisikia fimbo ikigonga mawe, tukageuka, tukaona kikapu kinaondoka. Kilikwenda mbio juu ya maji kama kina ofisi ya kuwahi, kikapinduka, kikazama. Rosebella akaiwahi fimbo. Fundo likafunguka kikapu kikabaki chini huko, lakini samaki alikuwa bado yupo. Akavutana naye karibu nusu saa, maji kiunoni. Aliyetoka ni kamongo, mrefu kama mguu wangu, yule samaki wa kama nyoka mnene, anayevuta hewa kama sisi na anayeweza kukaa nchi kavu siku nzima bila kufa. Alitukoromea.

Mwizi tulikuwa naye. Mali haikuwepo. Wavuvi walizamia mara tatu wakatoka na matope.

Basi hali ikawa hiyo: Rosebella amesimama Ggaba na suruali ya kaki iliyolowa, na kati yake na Ntinda kuna kizuizi cha askari. Mimi nina gauni moja, nimelivaa. Kwenda Kasubi kwangu na kurudi ingekuwa giza, na giza la miaka ile halikuwa la wanawake kutembea. Ilibidi nguo ipatikane palepale. Nikatazama tulicho nacho mkononi, nikaona ni kamongo, na Rosebella, kwa kuwa ni Mjaluo, alikuwa amekwisha kuniambia hakuna samaki mtamu kama yeye. Nikambeba kwa matamvua yake, nikampeleka kwa Maimunah, niibadilishe nyama hiyo yote na gomesi moja kuukuu, lile gauni refu la Kiganda.

Maimunah alikuwa mama wa Kiganda, mnene, mpole, mwenye maneno machache. Alipomwona niliyembeba aliweka birika chini akarudi nyuma hadi ukutani.

‘Nnyabo, mtoe huyo hapa,’ akasema. ‘Huyo ni wa kwetu.’

Nilikuwa nimeishi Kampala miaka tisa na bado nikafanya kosa hilo. Kila Mganda ana ukoo, na kila ukoo una mnyama wake ambaye hawamli wala hawamgusi. Yeye alikuwa wa ukoo wa kamongo. Nilikuwa nimemletea ndugu yake nikimwambia amkaange.

Niliomba radhi. Halafu, wakati bado naomba, nikaona kwamba macho yake hayamtoki yule samaki, na kwamba kila alipokoroma, Maimunah alishtuka. Biashara ikageuka palepale. Kumbe nyama yake haikuwa na bei, lakini uhai wake ulikuwa nayo.

Nikamwambia polepole kwamba rafiki yangu ni Mjaluo, na kwao huyu huliwa kwa ugali. Kwamba kisu kipo. Kwamba mimi binafsi sipendi, lakini mtu aliyepoteza gauni lake lazima abaki na kitu. Isipokuwa, labda, apate gauni.

‘Wewe Mkongo,’ Maimunah akasema, ‘unaniuzia ndugu yangu?’

‘Nakurudishia, mama. Gomesi nayo ni ya kuazima tu, Jumapili ijayo utaipata imefuliwa.’

Akaingia ndani akatoka na gomesi ya kijani yenye mabega yaliyochongoka na mkanda wake mpana wa kiunoni. Alitaka kwanza aone samaki akienda. Niliogopa Rosebella angekataa, kwa vile alikuwa hajawahi kumpata mkubwa hivyo. Hakukataa. Alimlaza kwenye maji ya kina kifupi, akaitoa ndoana, akabaki ameinama akimtazama jinsi anavyozibua njia ndani ya matope, hadi nikamwambia twende.

Gomesi ilivaliwa juu ya suruali, maana chini yake lazima kuwe na kitu na kingine hatukuwa nacho. Miguu ya suruali tuliikunja hadi magotini, tukaibana kwa pini za Maimunah. Dawudi, aliyekuwa akipeleka samaki mjini kwa pikapu, akatuchukua mbele.

Kizuizi kilikuwa mahali barabara inapokata bonde la mafunjo: pipa, gogo, askari wanne. Tukaamriwa kushuka. Wa mbele yao alikuwa kijana mwenye kovu shavuni, bunduki begani, na jambo la kwanza aliloona ni mfuko wa turubai.

‘Hii kitu gani?’

Rosebella akamwambia ni fimbo ya kuvulia samaki.

‘Samaki iko wapi?’

‘Tumemrudisha ziwani, afande.’

Yule askari akatazama nyuma ya pikapu, ngege wa Dawudi wamejaa hadi juu. ‘Gari iko na samaki mpaka inamwagika,’ akasema, ‘halafu wewe, mvuvi, hapana hata moja. Nani narudisha samaki?’

Nilikuwa na majibu ya uongo matatu, na hakuna hata moja ambalo ningelinunua mimi mwenyewe. Akautoa ule uzi, akakitazama kigurudumu, akasema hiyo ni mashine ya kupeleka habari, na kama si mashine ya habari basi Rosebella aonyeshe inavyofanya kazi. Akaelekeza kidole kwenye dimbwi chini ya daraja. Pale.

Rosebella akaunganisha vipande vyake. Aliifunga nati ya baiskeli mwishoni mwa uzi, maana ndiyo aliyokuwa akiitumia kuzamishia. Akapiga hatua moja mbele kujiweka sawa, na hapo nikaona. Pini ya mguu wa kushoto ilikuwa imefunguka. Chini ya pindo la gomesi, kaki inateremka, kidole baada ya kidole, inadondosha maji.

Sikuweza kumwambia kitu. Yeye mwenyewe aliihisi. Nikamwona ametulia kama anasikiliza simu. Kisha akafanya jambo ambalo katika Kampala yote hakuwa amelifanyia mtu, na ambalo kila alipowaona Waganda wakilifanya alinong'ona kwamba kwao wanawake wana magoti ya kulimia tu. Alipiga magoti. Alishuka taratibu, mikono pamoja, kama mwanamke wa Kiganda anayemsalimia mkubwa, na gomesi ikatandazika pande zote ikafunika kila kitu.

‘Heshima kwanza, afande,’ akasema.

Kijana yule hakutegemea. Alijinyoosha. Wenzake wakasogea. Rosebella, akiwa amepiga magoti vilevile, akairusha nati juu ya ukingo wa barabara, ikapita hewani ikitoa mlio mwembamba, ikatua katikati ya dimbwi.

‘Sasa?’ askari akauliza.

‘Sasa tunasubiri.’

‘Nasubiri nini?’

‘Hatujui, afande. Ndiyo yenyewe.’

Akampa fimbo. Akamwonyesha aweke kidole kimoja juu ya uzi, asiukaze, asikilize kwa kidole. Yule kijana akaishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Mara akasema imeguswa. Rosebella akasema labda ni jani. Askari wa pili akasema si jani, jani haligusi mara mbili. Wakaanza kubishana kwa sauti ya chini, wanne wote, macho kwenye maji, bunduki zimeelekea huko na huko. Mimi nilimvuta Rosebella kwa kwapa akainuka, kaki imefika kwenye kifundo cha mguu, na hakuna jicho hata moja lililogeuka. Dawudi alikuwa amekwisha kuwasha gari. Aliuliza kama tunaweza kwenda. Kijana wa kovu akapunga mkono bila kutazama, akatuambia tusipige kelele.

Tulikwenda kama hatua mia mbili ndipo nikapumua. Nikamwambia Rosebella fimbo imekwenda, na kwamba kwa suruali na kibali cha kazi hiyo ni bei ya haki. Alikuwa amegeuka kwenye kiti, anatazama nyuma.

Nilidhani analilia fimbo. Nikamwuliza.

‘Hapana,’ akasema. ‘Wiki nzima nashika nyaya, dada Nabintu. Najua nani yuko huku na nani yuko kule, na nisisikilize. Siku hizi hata nikisikia kwa bahati mbaya, naomba nisahau. Uzi ule ndio peke yake ninaoruhusiwa kutaka kujua.’

Miezi yote ile nilikuwa naitafuta faida yake kwenye samaki. Kwa bei niliyompa, nadhani hakupunjika.

Jumapili iliyofuata tulirudisha gomesi. Pale kwenye kizuizi pipa lilikuwepo, gogo lilikuwepo, lakini askari walikuwa wengine, na kuhusu fimbo hawakujua kitu, au hawakutaka kujua. Mimi niliuliza iko wapi. Rosebella, aliyekuwa amevaa gauni refu na amekata ufito wa mwanzi usio na kigurudumu, alisubiri nimalize, kisha akawauliza kwa adabu yote kama yule kijana wa kovu alipata samaki.