Pointi Alizoziona Mama Mkwe

Nzuki alikuwa fundi wa pancha pale Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, na hakuna mtu aliyewahi kumwona ametulia. Akiketi, goti linacheza. Akingoja gundi ikauke, anagonga ringi kwa spana mpaka majirani wanamkemea. Watu walimwita Baharia, wala halikuwa jina la heshima.

Ujanani, mwanzoni mwa miaka ya themanini, alishuka Mombasa akapata kazi ya kufagia jumba moja la michezo karibu na bandari. Mle ndani mlikuwa na mashine za gemu, kila moja kubwa kama kabati la nguo, zenye kioo cha mwanga na kijiti cha kushika. Aliporudi nyumbani alisimulia jinsi alivyowashinda mabaharia wa kigeni katika gemu ya madude yanayoshuka kutoka angani safu kwa safu, kama viwavi wakivamia mtama, na wewe chini una mzinga mmoja tu. Watu wakacheka. Mfagiaji awashinde Wazungu? Jina likamganda, akalibeba miaka mingi kama kiroboto ndani ya shati.

Siku hizi mtu hudanganya asubuhi na kufikia jioni ameshaitwa mheshimiwa. Zamani zile haikuwa hivyo. Aliyejulikana kwa uongo alikuja kwenye mwethya, ile kazi ya kusaidiana kijijini, na jembe lake, akalima shamba la jirani pamoja na wenzake, akapewa uji kama wao, lakini hakuna aliyemuuliza, "Na wewe unaonaje?" Hicho ndicho kilichomkosesha Nzuki raha.

Basi mwaka wa tisini na nne akasimama hapo Rashid, dereva wa lori, mtu wa Mwingi ambaye babu yake alitoka pwani. Gurudumu likiwa linatolewa, Rashid akakaa kwenye jiwe akabonyeza kimashine cha kijivu kinachoenea viganjani. Nzuki akausikia ule mlio wa tum-tum-tum. Spana ikamwanguka.

"Hiyo naijua!" akasema. "Ni ile ile ya Mombasa. Wameikamua ikaingia humo!"

"Uliijulia kwenye meli gani, Baharia?" Rashid akauliza, na waliokuwa wakinywa chai kibandani wakaangua kicheko.

"Nipe nikuonyeshe."

"Mimi nimefika elfu sita, na hakuna dereva wa njia hii aliyenipata. Sikia, bwana. Naenda Kampala. Nakuachia. Jumapili mchana napita kukichukua. Nikikuta umenipita, nitapiga honi kutoka hapa hadi Mtito Andei nikikutangaza. Nisipokuta, utaitwa Baharia mpaka kaburini. Tena usikizime ukishapata, maana ukizima pointi zote zinafutika."

Wiki ile magurudumu ya watu yalilala bila kuzibwa. Nzuki alikula akibonyeza, akasinzia akibonyeza. Vidole gumba vikavimba. Mkewe, Mbula, akamwambia, "Baba Ndinda, hicho kitu utakinyonyesha lini?" Kila alipokaribia elfu sita, vidole viliteleza na madude yakamfikia.

Jumapili ikafika. Kambu nzima ilikuwa kanisani, vibanda vimefungwa, hata Mbula na mtoto wamekwenda. Aliyebaki bomani ni mama yake Mbula, Kalondu, aliyekuja kutoka Ikutha kutibiwa mguu. Alikuwa ndani ya jiko, Biblia ya Kikamba mapajani.

Hapa vijana wa leo itabidi waelezwe, kwa kuwa wao hula sahani moja na mama mkwe na kumtania. Kulikuwa na nthoni, yaani ile haya ya heshima kati ya mtu na mama wa mkewe. Hawakutazamana usoni. Hawakusemezana. Wakikutana njiani, mmoja aliingia kichakani mpaka mwenzake apite. Pasta alikuwa amemwambia Kalondu kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Kalondu akamjibu kwamba yeye hajasoma mahali Mungu alipomwagiza amtazame mkwe wake akitafuna.

Nzuki alicheza chini ya upenu, mgongo wake ukielekea jiko. Asubuhi ile mikono ilitii. Safu moja ikaisha, ikaja nyingine kwa kasi zaidi, na alipokuja kupigwa mara ya mwisho namba ilisimama juu ya kioo: elfu saba mia mbili na arobaini. Akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Kisha akaona taa nyekundu ya betri. Ilikuwa imefifia kama jicho la mgonjwa.

Akakimbia hadi barabarani. Hakuna lori, hakuna mtu. Akarudi. Akaenda tena, akarudi. Jua lilipanda, taa ikazidi kuzama. Alihitaji macho ya mtu yeyote, na macho yaliyokuwepo ni yale asiyoruhusiwa kuyatazama.

Akasimama mbele ya ghala, akakohoa. "Wewe ghala," akasema kwa sauti, "laiti angekuwepo mtu wa kunisomea namba hii kabla haijafa, ili Rashid ajue sikudanganya."

Sauti ikatoka jikoni. "Kuku, mwambie huyo akiweke kigodani, aende zake nyuma ya zizi."

Nzuki akakiweka, akaenda nyuma ya zizi la mbuzi. Kalondu akatoka akichechemea, shuka kichwani. Akainama, akasoma, midomo ikitaja kila tarakimu kama anavyosoma aya. Kisha akaiona ile taa nyekundu inayokata roho. Naye aliijua dawa yake, kwani ndivyo alivyofanya kila redio yake ilipozimia katikati ya mahubiri. Akafungua kifuniko cha nyuma, akatoa yale mawe manne ya betri, akayafuta kwa shuka, akayapanga juu ya bati yaote jua. Akarudi ndani akiwa ameridhika.

Nzuki aliporudi alikuta kioo cheupe. Akatazama bati. Utamkaripia nani? Akalizunguka zizi, akalizunguka tena, akiuma ngumi. Ndipo honi ya lori ikalia.

Rashid aliingia bomani akitabasamu. "Haya, Baharia. Nionyeshe."

"Betri zimetolewa," Nzuki akasema.

"Nani katoa?"

Nzuki akatazama chini. Kumtaja mama mkwe kwa kosa mbele ya mgeni kungekuwa jambo baya kuliko kuitwa mwongo. "Zimetolewa tu."

"Zimetolewa tu!" Rashid akacheka mpaka akashika mbavu. "Meli imezama na shehena yake! Nilijua. Lete kimashine changu."

Nzuki akamnyooshea. Ndipo wakasikia mtu akifoka kutoka jikoni.

"Wewe kuku! Mwambie huyo dereva anayecheka kwenye boma la watu kwamba ni elfu saba mia mbili na arobaini. Nimeisoma mimi Kalondu. Na mawe nimeyatoa mimi. Na mwambie huyu mkwe sijawahi kumsifu tangu amwoe mwanangu, na leo pia simsifu. Lakini namba niliiona."

Kicheko cha Rashid kikakatika. Alijua maana ya mama mkwe kumtetea mkwewe kwa kumpitia kuku, maana alikulia Mwingi. Akamgeukia kuku aliyekuwa akichakura majivu, akamwinamia kidogo. "Kuku, mwambie mama nimesikia. Na samahani."

Alichukua kimashine na yale mawe yaliyopata moto, akaondoka. Na kweli, alipiga honi kuelekea Mtito mpaka mlio ukapotea kwenye vilima.

Waliotoka kanisani waliuliza, wakaambiwa. Baadhi yao waliamini, baadhi waliendelea kumwita Baharia kwa mazoea, naye hakubishana tena. Mtu akimchokoza, alisema, "Muulize kuku," akaendelea kuziba tairi. Katika mwethya uliofuata, wakibishania mahali pa kukinga maji, mzee mmoja alimgeukia akasema, "Na wewe unaonaje?"

Nzuki alijibu. Lakini waliokuwa karibu waliona vidole gumba vyake vikibonyeza mpini wa jembe, havitulii.