Kanzu Sita na Viti Vyenye Ukungu

Aibu hii nimekaa nayo miaka miwili, na sasa naona bora niisimulie mwenyewe, maana huku kwetu wanaisimulia wengine na kila mmoja anaongeza la kwake, hadi juzi nimesikia eti shehe alizimia. Shehe hakuzimia. Alipiga chafya tu, mara tatu mfululizo, na sababu ilikuwa mimi.

Kazi yangu ni kuendesha boti la baba mdogo, lile la sakafu bapa lililokaa juu ya maboya mawili marefu ya bati (watu wa Msimbati wanaliita Kitanda, na sijawahi kupata hoja ya kuwashinda). Lina viti sita vya sponji nene vilivyovikwa ngozi ya bandia nyeupe, tunapakia wageni kwenda kuangalia matumbawe ghuba ya Mnazi, na nawaambieni ukweli, wapo wageni waliosifia viti kuliko matumbawe. Masika ikianza wageni hukatika, boti linalazwa ufukweni, na hapo ndipo viti vinapotaka kifuniko cha maana, kwa sababu ukungu ukishaingia ndani ya sponji umeshahamia, kuutoa ni kazi.

Fundi wa vifuniko upande wetu ni mmoja, Bi Zuhura wa Msimbati, mjane mwenye cherehani ya miguu uani kwake. Yule mama ana mikono jamani. Hakimbilii kupima. Anakaa chini kwanza anakitazama chombo, anauliza upepo unatokea wapi kinapolazwa, maji ya mvua yatakimbilia upande gani, ndipo anashika futi, na ukimpelekea kitambaa cha ovyo anakikunja vizuri anakurudishia bila neno. Nimeona maturubai yake yamepigwa jua na chumvi miaka na miaka bila mshono kuachia.

Sasa basi, mwaka ule, siku chache kabla ya mvua, barua yangu ya posa ikakubaliwa nyumbani kwa huyohuyo Bi Zuhura, kwa binti yake Mwajuma. Fundi kageuka mkwe. Na mkwe kwetu huendi kumkalia barazani na habari za futi na uzi, mkwe ukimwona kwa mbali unainamisha uso unachepuka njia, na mimi nilichepuka kweli, siku moja nilijibanza nyuma ya mkorosho hadi siafu wakanipanda (nilivumilia, heshima ni heshima). Kwa hiyo kifuniko nikamtuma rafiki yangu Selemani akaulize. Akarudi mikono mitupu.

"Kasema uende mwenyewe," akaniambia. "Boti halipimwi kwa salamu."

Niende mwenyewe nikamtazame mkwe usoni nimwelezee sponji? Nikaona hapana. Nikaenda zangu mjini Mtwara nikanunua plastiki nzito ya bluu, muuzaji akaapa haipitishi hata tone, nami nikafurahi kana kwamba nimemaliza masomo. Nikavifunika viti siku ileile vilipotoka safari, bado vina maji ya chumvi ya wageni waliotoka kuogelea, nikaifunga plastiki kwa kamba pande zote nikabana kama mtoto anayeogopewa baridi. Siku moja Bi Zuhura alikuja upande wetu wa ghuba, akapita ufukweni, akaona, akamtuma Selemani: "Mwambie asibane hivyo, viti vinataka pumzi." Nami nikacheka nikasema mkwe ana wivu wa biashara. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu, Mungu anisamehe.

Mvua zikanyesha zikaisha, siku ya nikaha ikafika. Sisi tunakaa ng'ambo ya ghuba, tungeweza kuzunguka kwa gari kama watu wengine, lakini mimi nilitaka kushuka Msimbati kwa boti, wanaume sita tumekaa kwenye viti vyeupe na kanzu nyeupe, wakwe waone kijana ana kazi yake. Asubuhi Selemani akafungua plastiki. Harufu iliyotoka pale ilitufanya sote wawili turudi nyuma hatua. Viti vilikuwa na madoa meusi na ya kijani kila penye mshono, juu limelala vumbi la unyoya, na watu walishaanza kuja na kanzu zao. Tukafuta harakaharaka kwa maji na sabuni ya vyombo, juu pakang'aa, nikasema twendeni.

Ninachokijua leo ni kwamba tulifuta ngozi tu. Sponji chini yake ilikuwa imeshiba maji ya miezi mitatu, na ukimkalisha juu yake baba mdogo mwenye mwili wake ule, maji yale yanatafuta pa kutokea, yanatokea kwenye mshono, na yakitokea hayatoki peke yake. Mimi nilihisi ubaridi tangu katikati ya ghuba. Nikadhani ni wasiwasi wa harusi.

Tukashuka. Wanawake wakatupokea kwa vigelegele, kanga zimetandikwa mchangani, nikapita kifua mbele, na kadiri nilivyosonga mbele vigelegele vya nyuma yangu vikawa vinakatika kimoja baada ya kingine, vinageuka kitu kingine ambacho sikukitambua upesi. Kilikuwa kicheko cha kuzibwa kwa kanga. Nikageuka kumwangalia baba mdogo. Kanzu yake kwa nyuma ilikuwa na mabaka mawili makubwa, meusi katikati, kijani pembeni, na ya jirani yake vivyo hivyo, tena ile ya jirani inanuka. Nikapapasa yangu. Mbichi. Shehe, aliyekuja kutupokea, akapiga chafya ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Kuanzia hapo hadi barazani kwa kina Mwajuma nikatembea kwa ubavu, mgongo ukutani, bwana harusi mzima. Baba mkubwa wa Mwajuma, ambaye ndiye walii wake wa kumwozesha, akatuzungukia wote sita polepole, akasimama.

"Huyu ntu anakuja kuoa hivi?" akamwambia shehe. "Na anamletea nani uchafu huu? Leo hakuna nikaha. Aende kwao akajisafishe, tutazungumza siku nyingine."

Jamani! Siku nyingine kwa yule mzee ilikuwa inaweza kuwa haipo kabisa, kila mtu alijua hakunipenda tangu posa, na Mwajuma alikuwa chumbani kapambwa, anasikia kila neno kupitia dirisha.

Ndipo Bi Zuhura akatoka uani. Hakucheka. Akapita katikati ya wanaume, akaja hadi kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu posa tukatazamana.

"Geuka," akasema.

Nikageuka (ningefanyaje). Akashika kanzu yangu kwa vidole viwili, akaisogeza puani, akaiachia.

"Korosho zenu mnazitia kwenye gunia gani, baba?"

"La katani, mama."

"La plastiki hamtii?"

"Zinaota ukungu, mama."

"Kwa nini?"

"Hazipumui." Nikasikia sauti yangu inavyopungua. Mimi mtoto wa wakulima wa korosho, nimeanika, nimegeuza, nimeng'ata kokwa kujua kama imekauka kabla ya gunia tangu sijaota meno ya mbele vizuri, halafu viti vya boti nimevitia kwenye plastiki vikiwa vibichi.

Akamgeukia shemeji yake. Sauti hakupandisha hata kidogo. "Shemeji, huyu si mchafu. Huyu ananionea haya mimi. Alipaswa kuja kuniuliza, akaona aibu kunitazama, ndiyo imetufikisha hapa. Mkwe wa kunidharau ningemkataa mwenyewe. Wa kuniheshimu kupita kiasi namfundisha." Kisha akawatuma wanawake wakaazime misuli na mashati kwa majirani kwa wale watano, wazee wakavuliwa kanzu wakavikwa, baba mdogo wakapata taabu kidogo kumpatia shati. Mimi akaniletea kitu chake mwenyewe. Kilikuwa kwenye mfuko wa pamba alioushona, ndani yake kanzu ya marehemu mumewe, ya miaka tisa sandukuni, nyeupe haina hata nukta, inanuka karafuu.

Baba mkubwa aliitazama ile kanzu ya ndugu yake mwilini mwangu, kwa muda mrefu. Akajifuta macho kwa kiganja, akaketi, akamwambia shehe aanze. Nikaozwa.

Siku tatu baadaye nilikwenda mwenyewe kwa Bi Zuhura, mchana kweupe, tukashuka wote ufukweni, mimi nimeshika ncha moja ya futi na mkwe ncha nyingine, watu wanapita wanashangaa. Akanifundisha kuosha viti kwa maji baridi ya kisima kwanza chumvi iishe, maana chumvi inavuta unyevu, kuvisimamisha juani hadi ndani kukauke, mishono kuipitishia siki, kisha akashona kifuniko cha turubai la kitambaa kizito, rangi hafifu lisipike viti, lenye mlingoti mfupi katikati maji yasituame na matundu ya hewa yenye mdomo wa kuangalia chini. Sponji za zamani tulizitupa. Za sasa zimepita masika mbili, nakwambia ukikaa unatamani usinyanyuke.

Plastiki sifunikii tena kitu chenye uhai wala kisicho na uhai, na swali langu halibebwi na Selemani wala mtu mwingine, napiga hodi mwenyewe. Kanzu ya marehemu niliifua nikamrudishia mkwe kwa mikono miwili. Hakuipokea.

"Kaa nayo," akasema. "Ila kila Ijumaa uianike."

Naianika.