Neno la Lifti

Nje joto ni nyuzi arobaini na tatu. Metrine anavaa soksi mbili, kofia ya sufu na glavu, halafu anaingia kwenye theluji. Kilima hiki cha kuteleza kiko jijini Dubai, kimejengwa chote ndani ya jengo, na hakijui kiangazi. Agosti au Januari, watoto wa shule huja tu. Metrine hukaa chini, kwenye kibanda cha lifti ya viti inayopandisha watu kileleni, mkono karibu na kitufe chekundu cha kuizima. Kabla ya Dubai alikuwa mwalimu wa chekechea huko Kimilili.

Juu, mahali viti vinapofikia na kugeuka, yupo Hakim, Mganda wa Mbale. Mtoto akikaribia, Hakim humwambia, "Simama!" ili anyanyuke kitini kwa wakati. Watoto wa Kihindi na wa Kiarabu wameshalikariri neno hilo, hulipigia kelele pamoja naye. Lakini kwa Metrine "simama" ilikuwa pia amri ya kuzima lifti, na glavu nene ya Hakim hubonyeza redio yake ya mawasiliano bila mwenyewe kujua. Mara mbili mwezi ule Metrine alisikia "Simama!" akazima, watu wakabaki wakining'inia hewani bila sababu.

"Mwalimu, umesimamisha dunia nzima!" Hakim alimcheka.

"Si wewe umesema simama?"

"Nilikuwa naambia mtoto!"

Madam Rahaf, msimamizi wao, hakucheka. "Mara ya tatu, khalas, kwisha," alisema. Mkataba wa Metrine ulikuwa unaisha, na Alhamisi ndiyo siku ambayo Rahaf angeamua kuusaini upya au kumrudisha Kenya.

Basi wakakubaliana. Mtoto ataambiwa "inuka". "Simama" itakuwa ya lifti peke yake.

Jumatano ikafika. Ndani ya basi kutoka International City, mtaa anakoishi, Metrine alirudia maneno yale mawili kimoyomoyo, kama mtoto anayeenda kwenye mtihani. Saa nne asubuhi likaja darasa zima la watoto wa miaka saba. Viti vikajaa. Redio ikakoroma.

"Inuka!"

Sawa, ni mtoto. Akatoa mkono kwenye kitufe.

"Inuka! Inuka, inuka, inuka..."

Bado lilikuwa neno la mtoto. Kwa makubaliano yao, hakupaswa kugusa kitu. Lakini katika miaka sita ya chekechea hakuwahi kumwambia mtoto anayeweza kuinuka ainuke mara nne, kwa sauti ile. Akaiwaza Alhamisi. Akabonyeza.

Viti vikasimama. Rahaf akatoka ofisini, buti zake zikisaga theluji.

"Amesema simama?"

"Hapana, madam. Amesema inuka."

"Na inuka maana yake nini?"

"Ni... mtoto anyanyuke kwenye kiti."

"Sasa kwa nini umezima?"

 Metrine alitazama juu, lakini kutoka pale hakuna kilichoonekana ila miguu ya watoto ikibembea.

Redio ikakoroma tena. Hakim alikuwa anahema. "Mwalimu, usiwashe! Mkanda wa begi la mtoto umenasa kitini, kiti kilikuwa kinageuka naye. Lile neno la lifti limenitoka kabisa. Ngoja... ngoja... haya. Nimemtoa. Analia tu, hajaumia."

Metrine alimtafsiria Rahaf. Rahaf akamsogezea fomu ya taarifa. Kwenye nafasi ya sababu Metrine aliandika maneno mawili: sauti yake. Rahaf akasoma, akatia saini.

Alhamisi Rahaf akausaini na mkataba. Mwaka mmoja.

Jioni hiyo, basi liliposimama International City, mama mmoja Mkenya alimgusa mwanawe aliyesinzia. "Inuka, tumefika." Mtoto akaamka mara moja. Kidole cha Metrine kilikuwa kimeshajikunja, kikitafuta kitufe.